Mbwa wa Mama Karimi na Hadithi Niliyoikata

Wakutubi wenzangu, mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya maktaba, na mkanipa na kichwa cha habari kabisa: safari ya maktaba kutoka kadi hadi kompyuta. Kichwa hicho nimewarudishia, asanteni. Habari za kompyuta mtaelezwa na wale wanaopenda semina. Mimi nimestaafu majuzi tu, nimerudi kwetu Embu, na asubuhi nikishakunywa chai ninakaa na kikombe kitupu nikimkumbuka mbwa mmoja mweusi, mama aliyekuwa mwenye mbwa huyo, na Bi Zuhura aliyenifunza kazi. Kwa hiyo nitaandika juu yao.

Niliripoti kwenye maktaba ya Meru nikiwa msichana mwenye cheti kipya na viatu vya kuazima. Nilidhani mkutubi hukaa nyuma ya meza akisema watu wanyamaze. Bi Zuhura alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye vile viatu, akaniuliza, "Unajua kushona?"

"Nguo?"

"Nguo za nini? Kitabu!"

Alikuwa mwanamke mrefu, Mwislamu, mtoto wa watu wa malori waliohamia Meru mjini tangu enzi za babu yake. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi wote pale, na alitusahihisha bila huruma. Siku hiyo ya kwanza sikugusa rafu hata moja. Alinipa sindano nene, uzi uliopakwa nta, na sufuria ya gundi tuliyoipika wenyewe kwa unga wa ngano, akanionyesha jinsi ya kufungua mgongo wa kitabu, kuzitoa kurasa kwa mafungu na kuzishona upya. Nilijichoma vidole mara nyingi. Siku hizi ninyi mnabandika selotepu na maisha yanaendelea, nami sitasema kitu.

Vitabu vyetu vingi vilikuwa vya msaada kutoka Uingereza. Waliotuma walikuwa na moyo mzuri, ila nadhani walikuwa wakisafisha nyumba. Tulipata miongozo mitatu ya kuteleza juu ya barafu na mmoja wa kukinga waridi dhidi ya theluji. Lakini katikati ya hizo takataka zilikuja pia hadithi, nyingi, na ni Bi Zuhura aliyegundua kwamba mbwa mmoja alikuwa anatokea katika kila sanduku.

Mbwa mkubwa, mweusi, mwenye macho yanayowaka kama makaa. Katika vitabu vya masimulizi ya kale, Waingereza wa mashambani walimwona kwenye njia za zamani, kwenye njia panda na makaburini, na kila wilaya ilimpa jina lake. Majina hayo yalinikwama kooni, nikaacha kuyajaribu. Aliyemwona alijua kuna kifo karibu, chake au cha mtu wake. Kuna masimulizi yanayosema aliwahi kuingia kanisani watu wakisali, mvua na radi vikipiga, akaua na kutoka, na mlango ukabaki na alama za kucha zilizoungua, mpaka leo wageni huonyeshwa. Wengine walisema mtu wa kwanza kuzikwa kwenye makaburi mapya hawezi kupumzika, analazimika kuwalinda wengine, hivyo wakazika mbwa mweusi kwanza ili kazi hiyo iwe yake. Hilo lilimchekesha sana Bi Zuhura. "Hata akhera mbwa ndiye askari wa geti," alisema.

Halafu wakaja waandishi wa riwaya wakamchukua. Wa upelelezi wakamficha mhalifu nyuma yake, watu wakimbie mzimu kumbe ni mtu na tamaa zake. Wa mapenzi wakamtembeza njiani mbele ya mwanamume fulani, ili msomaji amwogope bwana huyo kabla hajashuka farasi. Wa siku hizi wamemgeuza kuwa huzuni yenyewe, ile inayomlalia mtu kifuani asiweze kuamka. Bi Zuhura aliyaandika yote hayo katika daftari la kurasa mia mbili, kwa wino wa kijani: kitabu gani, mbwa alitokea wapi, alifanya nini.

Nilimuuliza mbona Mwislamu anayenawa mara saba akiguswa na mate ya mbwa anafuga hao wote kwenye daftari.

"Mbwa wa kitabu hana mate," alinijibu.

Katika daftari hilo kulikuwa na ukurasa aliouwekea alama ya utepe. Hapo aliandika mbwa wa aina nyingine, wachache, wanaopatikana kwenye masimulizi ya kale tu. Hao hutokea mwanamke akiwa peke yake njiani. Humfuata bila kumgusa, humfikisha kwao, kisha hutoweka. Riwaya nyingi hazikuwataka. Bi Zuhura alisema waandishi walichukua meno wakaacha mkia, na alisema kwa masikitiko ya kweli, kama mtu anayezungumzia jirani aliyesingiziwa.

Baada ya muda nilikabidhiwa kazi ya masanduku. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, gari la maktaba lilipanda milima ya Nyambene likiwa na masanduku ya vitabu vya shule za huko, na mimi nikiwa mbele na dereva. Shule ya mwisho ya safari ilikuwa Laare, shule ya msingi iliyo chini kidogo ya soko, imezungukwa na mashamba ya miraa, ile mirungi ya kutafuna. Kimeru cha huko kilinishinda. Sisi Waembu tunajidanganya kwamba tunakielewa mpaka siku tutakapotumwa Laare. Kwa hiyo nilisoma kitabu kwa Kiingereza na kukieleza kwa Kiswahili, watoto wakitafsiriana pembeni.

Sasa niwaeleze mbinu ya kazi, maana ndiyo iliyoleta maneno. Bi Zuhura alinifundisha kukata hadithi. Unasoma mpaka pale mtoto anaposahau kufunga mdomo, kisha unafunga kitabu. Unakiweka sandukuni, unamwachia mwalimu, unaondoka. Hakuna mtoto atakayelala bila kukiazima. Nilikata hadithi miaka kadhaa, na nawaapia hakuna bango wala shindano linaloshinda mkasi huo. Vitabu vilivyokatwa vilirudi vimechakaa kwa kusomwa, na mimi na Bi Zuhura tulivishona tukiwa na furaha.

Alhamisi moja niliwasomea kutoka kitabu cha masimulizi ya Kiingereza, nakala moja tuliyokuwa nayo. Mwanamke anayeuza mayai anarudi nyumbani kutoka sokoni, na mbwa mweusi anaanza kumfuata. Kitabu kilikuwa na vichochoro vya ua wa miiba ya kwao, kitu ambacho watoto wa Laare hawajawahi kukiona, nikaona hadithi inapoa. Nikaihamisha. Nikasema mama huyo alikuwa anapita njia kama hii yenu ya chini, katikati ya miti ya miraa, ile inayotokea kanisani. Watoto wa nyuma wakasogea mbele. Mama akisimama, mbwa anasimama. Mama akitembea, mbwa anatembea. Kisha akahisi pumzi ya moto mkononi.

Nikafunga kitabu.

Walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Madam, hiyo mbwa ni ile ya njia ya huku chini?"

Nikamwambia, "Labda."

Nililisema kwa kuwachekesha tu. Nilipotaka kukiweka kitabu sandukuni nikaona uzi wa mgongo umekatika na mafungu mawili ya kurasa yananing'inia. Bi Zuhura angeniua nikikiacha hivyo. Nikakibeba kurudi nacho Meru, nikawaahidi kwamba mwisho wake watausikia mwezi ujao. Mwezi uliofuata mvua iliharibu barabara, na uliofuata huo gari lilikuwa gereji. Kitabu kilikaa kwenye rafu yangu kimeshonwa vizuri sana.

Niliporudi Laare, mwalimu mkuu alinipokea getini, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Alikuwa mtu mpole anayependa kuanza na hali ya hewa. Siku hiyo hakuanza nayo.

"Madam, hiyo hadithi yako imetuletea shida."

"Hadithi gani?"

"Ya mbwa. Watoto wamemaliza mbwa ya Mama Karimi. Walisema ni ile."

Mama Karimi alikuwa mjane, anaishi chini ya shule, mwisho wa ile njia. Binti yake Karimi aliolewa Isiolo, hivyo alibaki na mbwa, mweusi kweli, jina lake Bosco. Kila siku mama alikwenda kufunga miraa kwenye kibanda cha sokoni, na Bosco alikwenda naye, akamngoja, akarudi naye. Laare nzima ilimjua. Watoto wenyewe walikuwa wanampigia mluzi kabla ya Alhamisi yangu. Baada yake wakaanza kumrushia mawe, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. Mchana mmoja, wakati wa chakula, walimfukuza kwa mawe mpaka barabara kuu, na pikapu ya miraa ikampitia. Zile pikapu hukimbiza miraa isinyauke, hazisimami hata kwa mtu.

Nilimwomba mwalimu mkuu aniruhusu niende kwa Mama Karimi kwanza. Nilipanda mpaka kibandani na kitabu kikiwa kwapani. Wanawake saba au wanane walikuwa wameketi chini wakichambua vijiti vya miraa na kuvifunga kwa majani ya mgomba. Nilimtambua bila kuonyeshwa. Ndiye pekee ambaye hakuinua macho.

"Mama Karimi, mimi ndiye wa vitabu."

"Nimekuona."

"Nimekuja kusema pole. Na kuomba msamaha."

"Ni wewe ulisema mbwa nyeusi ni ya shetani?"

"Sikusema hivyo, mama."

"Ulisema nini?"

Nikachuchumaa pale kwenye majani makavu, nikafungua kitabu na kumsomea kwa Kiswahili hadithi yote, tangu sokoni. Nilipofika kwenye ile pumzi ya moto sikufunga kitabu, niliendelea. Mama wa mayai anasikia watu wawili wakinong'ona nyuma ya miiba. Mmoja anasema, tumkamate. Mwingine anasema, huoni jibwa alilo nalo? Wanaume wanabaki pale pale. Mbwa anatembea naye mpaka mlangoni kwake, na mama anapogeuka amshukuru, hakuna kitu njiani. Hapo ndipo hadithi inapoishia.

Wanawake wengine walikuwa wameacha kazi. Mama Karimi alimaliza kufunga bunda lake, akalikaza, akaliweka juu ya mengine.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema.

"Nini, mama?"

"Mwisho. Ulikuwa unajua mbwa ni nzuri, ukaenda na hiyo maneno Meru."

Nimekaripiwa na mameneja, na mkaguzi mmoja aliwahi kunivulia miwani. Hakuna lililowahi kuniingia kama hilo.

Nilishuka shuleni nikawasomea watoto mwisho. Nilitaka kujieleza sana, mwalimu mkuu akanishika mkono akasema nisome tu. Nikasoma. Walipoelewa, yule msichana wa mbele alifunika uso kwa sweta, kisha mwingine, kisha karibu darasa zima likawa linalia kimyakimya, na mimi mbele yao nikilia pia, mtu mzima na beji ya kazi kifuani. Niliwaambia kosa lilikuwa langu kabla halijawa lao.

Bi Zuhura nilimweleza jioni hiyo hiyo. Alikuwa akipika gundi. Alizima jiko, akaketi.

"Mkasi nilikupa mimi, Wawira," akasema. "Usiubebe peke yako."

Kisha akachukua daftari, akafungua kwenye utepe, na chini ya wale mbwa wachache wa Kiingereza akaandika kwa wino wa kijani: Laare. Mweusi. Jina lake Bosco. Alikuwa akimsindikiza mama mjane kutoka kazini. Akapuliza wino ukauke. Tangu siku hiyo hakuna aliyekata hadithi katika maktaba yetu, na uazimaji ukapungua, na mkubwa mmoja akauliza kwa barua kwa nini. Bi Zuhura alimjibu kwamba tumekuwa wazee.

Alhamisi ya gari iliyofuata nilisikia kwamba Mama Karimi hapiti tena njia ya shule. Alizunguka kwa barabara kuu, mwendo mrefu wenye vumbi na pikapu, ili asiwaone watoto. Nikamfuata kibandani alipomaliza kazi, nikamwomba nimsindikize kwa njia yake ya kawaida. Akachukua kikapu chake akatangulia, nami nikamfuata nyuma hatua mbili tatu. Watoto walikuwa wanatoka darasani. Walisimama kando ya njia wakamsalimia mmoja mmoja, naye aliwaitikia bila kuwatazama. Nilimfikisha kwake. Hakusema asante, wala hakunifukuza.

Nikafanya hivyo kila Alhamisi ya gari. Dereva alizoea kuningoja sokoni, akijinunulia chai na mandazi na kulalamika. Polepole Mama Karimi akaanza kunionyesha vitu: mti wa miraa uliopandwa na baba mkwe wake, mahali Bosco alipozikwa, jiwe ambalo mwaka ule wa mvua kubwa lilihama. Nikajifunza Kimeru cha kutosha kuchekwa. Miaka ikaenda. Watoto waliolia siku ile walimaliza shule, wengine wakaja kusoma chuo kikuu pale Nchiru, na mmoja wao huja maktaba na mtoto wake. Bi Zuhura alistaafu, kisha akafariki, Mungu amrehemu. Nilikwenda matangani nikakaa na wanawake, na walipoanza kueleza alivyokuwa mkali nililia kwa kucheka. Daftari aliniachia mimi. Kuna siku za kazi nilikuwa nasikia mlango na kuinua kichwa nikidhani ni yeye anakuja kukagua mishono yangu. Ningetoa kila kitu nikaguliwe tena.

Mwaka huu ikawa zamu yangu ya kustaafu. Alhamisi yangu ya mwisho nilishuka kwenye gari pale Laare nikiwa nimejiandaa. Mama Karimi sasa anatembea na fimbo, lakini kibandani bado yumo. Tulipofika kwenye kona, katikati ya njia, nikamwambia.

"Mama, sitakuja tena na gari. Nimestaafu. Atakuja msichana anaitwa Kendi. Nimemwambia awe anakusindikiza."

Alisimama. "Anisindikize wapi?"

"Nyumbani. Kupita hapa."

Akacheka, akacheka mpaka akashika mti.

"Mwambie asijisumbue. Mimi hii njia nilirudia kitambo. Ile mwezi ya kwanza tu, hao watoto walikuja kwangu wakaomba msamaha, wakanichotea maji. Nikaanza kupita peke yangu."

Nilihesabu miaka kichwani nikashindwa. "Sasa kwa nini ulikuwa unaningoja?"

"Nilikuwa nakuona ukitoka kwa gari na hiyo sura yako. Nikasema huyu bado amebeba mbwa yangu. Wacha nitembee na yeye mpaka aiweke chini." Alilifuta jicho moja kwa pembe ya leso. "Wewe ndio nilikuwa nasindikiza, Madam. Umeiweka?"

Ningependa kuwaandikia kwamba nilimwambia ndiyo.

"Bado," nikamwambia.

"Basi Alhamisi ya gari nitakuwa hapa kwa kona," akasema, na akaanza kutembea.

Kutoka Embu hadi Laare ni mbali, na goti langu moja halipendi milima. Alhamisi hiyo nilifika konani kabla yake.